Karatasi Tatu kwa Mkono Mmoja

Sanduku la kura likifika mikononi mwenu, ninyi mnaokwenda kusimamia vituo, msilifunge kabla hamjalipindua. Lishikeni watu wawili, mligeuze mdomo chini mbele ya mawakala wa vyama na wapigakura waliokwisha kufika, mlitikise, kisha mlipige makofi mawili mgongoni kama mtu anayemsaidia mtoto aliyekwamwa na mfupa. Wala msiseme "ni tupu". Wakala akishaona mwenyewe, hana haja ya kuambiwa. Asipoona, hata mkimwambia haisaidii.

Hilo nilifundishwa na Mzee Shabani, karani wa halmashauri, mtu wa Majengo, Moshi mjini, aliyezeekea katika chumba kilekile alichozaliwa, nyuma ya duka la baba yake fundi cherehani. Alikuwa amesimamia chaguzi tangu enzi za chama kimoja, wakati mgombea mmoja alipewa alama ya jembe na mwingine nyumba. Alisema uchaguzi wa siku zile ulikuwa kama harusi ambayo mambo yote yameshapangwa, kazi yako ni kuhakikisha viti vinatosha. Vyama vingi vilipokuja akatuita makarani wote na kutuambia, "Sasa bwana harusi ni wawili, na kila mmoja kaja na ukoo wake. Hesabuni viti, lakini jueni na mlango wa kutokea uko wapi."

Mimi ndiyo kwanza nilikuwa nimetoka Mlimani. Nilikuwa na digrii moja, suruali mbili na swali kwa kila jibu. Kwa nini wino upakwe kidole kidogo? Kwa nini fomu ya matokeo iandikwe kwa tarakimu na kwa maneno? Kwa nini kalamu ifungwe kamba, kwani wapigakura ni wezi? Mzee Shabani alinijibu maswali yote hayo kwa sentensi moja, "Kwa sababu mwongozo umesema." Nilichukia sana jibu hilo. Siku moja nikamwambia kuwa hilo si jibu. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanzu, akasema, "Bwana Kwa Nini, chini ya kila mstari pale pamezikwa kosa la mtu. Wengine walikufa zamani, siwezi kukufukulia."

Jina la Bwana Kwa Nini likanishika. Hata leo nikipita Soko la Kati, wazee wawili watatu waliobaki huniita hivyo.

Ya kalamu niliyajua mapema. Katika kituo changu cha kwanza, kwenye uchaguzi mdogo pale Njoro, nilikata kamba kwa sababu niliona inadhalilisha raia. Kufikia saa nne asubuhi kalamu zote sita zilikuwa zimekwenda, na hazikuibwa hata moja. Mtu akishaandika huweka kalamu mfukoni bila kufikiri, kama mnavyofanya ninyi. Aliyetuokoa ni mzee mmoja Kalasinga mwenye gereji ya malori. Kila uchaguzi alikuwa wa kwanza kwenye foleni, na kigoda chake na kalamu yake. Alituazima. Akarudi jioni kuichukua, akakuta na yenyewe imekwenda. Akaniambia kwa upole kabisa, "Kijana, mimi katika gereji hata spana nafunga mnyororo. Watu wangu ni waaminifu. Mnyororo ni wa kuwasaidia kukumbuka."

Kamba nikazirudisha. Lakini somo sikulipata. Nilidhani nimekosea kuhusu kalamu tu.

Sasa niwaambie habari ya kata ile ya juu, njia ya kwenda Mwika. Jina la kata sitalitaja, maana wajukuu wa watu wale wapo na wanapatana. Ni kata ya kahawa na migomba, nyumba zimefichwa ndani ya vihamba, yale mashamba ya ukoo, na kanisa Katoliki liko hatua mia mbili kutoka shule ya msingi. Nilipewa kituo katika darasa la nne la shule ile. Ulikuwa uchaguzi wa mwanzo mwanzo wa vyama vingi, na wakubwa wote macho yalikuwa kwa rais na mbunge. Lakini pale kijijini watu hawakulala kwa sababu ya udiwani. Wagombea walikuwa majirani. Bwana Pius alikuwa wa chama cha zamani, mtu wa ushirika wa kahawa, mpole, mwenye tumbo. Mwalimu Aloyce alikuwa wa chama kipya, mwalimu mkuu mstaafu aliyewahi kuwachapa nusu ya wapigakura. Vihamba vyao vilinywa maji ya mfongo mmoja. Kwa wasiojua, mfongo ni mfereji wa kienyeji unaoleta maji kutoka mtoni juu mlimani. Kila nyumba ina zamu yake, na kila nyumba hutoa mtu siku ya kuusafisha.

Kura zilipigwa Jumapili. Saa mbili za mwanzo tulipata watu kumi na wawili, na karani wangu alikuwa akipiga miayo. Kisha misa ya pili ikatoka. Kanisa zima likaja kwetu na nguo zake nzuri, watoto wake na njaa yake. Foleni ikapita mlango wa darasa, ikapita jiko la shule, ikaingia migombani. Juu ya mlima wingu jeusi likaanza kushuka. Wanawake wakaanza kusema kwa sauti kwamba ng'ombe hawajakatiwa majani.

Utaratibu ulikuwa hivi. Unampa mpigakura karatasi ya rais, anaingia nyuma ya pazia, anaweka alama, anakunja, anatumbukiza katika sanduku la kwanza. Anarudi mezani, unampa ya mbunge. Anakwenda, anarudi, unampa ya diwani. Karatasi zilikuwa na rangi tatu tofauti na masanduku yalikuwa na alama za rangi hizohizo. Nilitazama saa yangu. Bibi mmoja mwenye fimbo alitumia dakika tisa kwa safari zake tatu. Nikajiuliza swali langu la siku zote. Kwa nini wasipewe zote mara moja, waende safari moja?

Nikamwambia karani, "Toa tatu kwa mkono mmoja."

"Mwongozo unasema moja moja, bosi."

"Mwongozo haujaona foleni hii."

Foleni ikaanza kutembea kama maji yaliyofunguliwa. Mawakala wa vyama vyote viwili wakafurahi. Mmoja akamwambia mwenzake, bila kujali kwamba nasikia, "Huyu kasoma kweli." Nilijisikia vizuri mpaka kwenye vidole vya miguu.

Katikati ya foleni ile alikuja Bibi Theresia. Alikuwa mjane, mwembamba, rozari shingoni na ugoro kwenye pindo la kanga. Akapokea karatasi zake, akaenda nyuma ya pazia, akatumbukiza, akarudi kusimama mbele ya meza yangu. Akanyoosha mkono, kiganja juu.

"Mjukuu wangu, risiti."

"Risiti ya nini, bibi?"

"Nimekuletea karatasi, umepokea. Ushirika nikipeleka kahawa debe moja naandikiwa. Leo nimeleta diwani, mbunge na rais, unataka niondoke mikono mitupu?"

Foleni ikacheka. Na mimi nikacheka, nikamjibu kwa sauti ili wote wasikie, "Bibi, hii si kahawa. Kura haina risiti, inataka imani."

"Imani nimetoka nayo kanisani sasa hivi," akasema. "Hapa nilikuja kwa risiti." Akaniuliza jambo kwa Kichagga, na mimi mtoto wa Njoro nikabaki kutabasamu. Akatikisa kichwa. "Aa. Mchagga wa lami." Akaenda zake, na foleni ikacheka tena, safari hii ikinicheka mimi.

Tulifunga kituo saa kumi. Tukafungua sanduku la rais kwanza. Ndani yake, kati ya kura zilizokunjwa mara moja au mbili kama kawaida, tulikuta vifurushi. Kila kimoja ukubwa wa kiberiti, kimekunjwa vizuri na pembe zimechomekwa ndani, kama ugoro unavyofungwa katika jani kavu la mgomba. Pembeni mwa kila kifurushi zilionekana kingo za karatasi tatu, moja ya kila rangi. Vilikuwa kumi na vinne.

Wakala wa Mwalimu Aloyce akasema, "Vifungue tuone."

Sasa sikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo mtu aliyezoea kuuliza kwa nini alikataa kuuliza. Nilikumbuka mstari wa mwongozo kwamba karatasi zilizokunjwa pamoja zisihesabiwe, maana huenda mtu mmoja katumbukiza kura za wengi. Mwongozo niliokuwa nimeupuuza asubuhi nikaukumbatia jioni. Sikujiuliza ni mwizi gani huyo anayeiba rais mmoja, mbunge mmoja na diwani mmoja, rangi tatu sawasawa, kama sahani ya harusi. Mwizi huiba rangi moja. Jibu lilikuwa mkononi mwangu na nikalitia katika bahasha ya kura zilizoharibika bila kufungua hata kifurushi kimoja. Nikapiga lakiri. Mawakala wakasaini, mmoja kwa kununa.

Kura za vituo vyote vya kata zilipojumlishwa kesho yake, Bwana Pius alikuwa amemshinda Mwalimu Aloyce kwa kura tisa.

Hesabu mnaijua. Tisa ni ndogo kuliko kumi na nne.

Yule wakala aliyenuna hakuwa mwongo. Alisema alichokiona, kwamba kuna karatasi zilizofungwa kwa ustadi na msimamizi amezificha ndani ya bahasha. Kufikia soko la Jumanne, vifurushi vilikuwa mia mbili na mimi nilikuwa nimejengewa nyumba na Bwana Pius. Kufikia Ijumaa watu wa Mwalimu walisema hawatasafisha mfongo na wezi. Watu wa Pius wakajibu kwamba asiyesafisha hanywi. Mvua za vuli zilichelewa mwaka ule. Lile wingu jeusi nililoliogopa Jumapili, niwaambie tu, halikunyesha hata tone.

Mzee Shabani ndiye aliyekuwa akipanga fomu ofisini. Siku ya tatu akaniita mezani kwake. Fomu ya kituo changu ilikuwa mbele yake.

"Zilizoharibika, rais kumi na nne, mbunge kumi na nne, diwani kumi na nne," akasoma. "Bwana Kwa Nini, mimi sijasoma Mlimani. Lakini kura zikiharibika zenyewe, haziharibiki kwa usawa hivi."

Nikaanza kupanga upya fomu zilizokuwa zimekwisha kupangwa.

"Ulitoa karatasi ngapi kwa mkono mmoja?"

"Moja moja, mzee."

Alinitazama. Kisha akachukua gazeti, akaifunika ile fomu kama mtu anayefunika chakula cha aliyechelewa, akasema, "Haya." Basi. Hakuniuliza tena. Laiti angenigombeza. Nilikuwa katika miezi ya majaribio ya kazi, mama yangu alikuwa amekwisha kuwaambia majirani wote kuwa mwanawe ni ofisa, na nilijua kosa la utaratibu katika kituo chenye mgogoro ni barua ya kuachishwa. Uongo ule nilikaa nao miezi minne.

Mwalimu Aloyce alikwenda mahakamani. Wakili wake akadai kuna kura zimepenyezwa. Halmashauri ikatakiwa kupeleka barua za wito kwa wapigakura wachache watakaotoa ushahidi, na kwa kuwa kituo kilikuwa changu, nikatumwa mimi. Jina la tatu kwenye orodha lilikuwa Theresia.

Nilipanda kwa miguu kutoka barabarani. Kadiri nilivyopanda niliona mambo ambayo sikuyaona siku ya kura. Mfongo ulikuwa umejaa majani makavu na matope, maji yamesimama juu kwenye kihamba cha kwanza. Chini ya hapo migomba ilikuwa na majani yaliyoning'inia kama mikono ya mtu aliyechoka. Kihamba cha Bibi Theresia kilikuwa cha mwisho chini.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Ee, mtu wa lami. Umeniletea risiti?"

Nikampa wito. Akanirudishia nimsomee. Nilipomaliza akaeleza, bila kuulizwa, kwamba ana watoto wawili wa kiume, mmoja ni mtu wa Pius na mwingine ni mtu wa Mwalimu. Tangu matokeo hawasalimiani. Kila mmoja anasema zamu ya kumfungulia mama maji ni ya mwenzake. "Nina watoto wawili na migomba inakufa kwa kiu," akasema. "Ningekuwa tasa majirani wangenionea huruma."

Nikamuuliza, nikijifanya nauliza kikazi, alipiga kura namna gani siku ile.

"Ulinipa tatu, nikaweka alama tatu. Nikazifunga vizuri, nikatia."

"Zote pamoja?"

"Si ulinipa pamoja?" Akanitazama kama ananihurumia. "Mtu akikupa mzigo umpelekee mwingine, unaufungua njiani? Kwetu kilichotolewa kwa mkono mmoja kinafikishwa kwa mkono mmoja. Ukikifungua, watasema umedokoa. Mimi na wenzangu wa jumuiya ya kanisa tulifunga vizuri kabisa, tukaambiana, huyu mtoto kasoma, ataona tulivyofunga, atajua hakuna aliyedokoa."

Miezi minne nchi yote ya pale ilikuwa ikitafuta mwizi aliyefunga vifurushi, kumbe vilifungwa na bibi waliotaka kunionyesha kwamba wao si wezi.

Akachota ugoro, akauliza taratibu, "Yangu ilihesabiwa?"

"Sijui, bibi," nikasema. Ulikuwa uongo wa pili, na ulikuwa mbaya kuliko wa kwanza.

Kesho yake nilifika ofisini kabla ya Mzee Shabani. Alipoingia nikamwambia, "Tatu kwa mkono mmoja." Hakushangaa. Akaning'iniza kofia yake, akafungua droo, akanipa karatasi nyeupe na kalamu. "Andika kwa tarakimu na kwa maneno," akasema, na hiyo ndiyo dhihaka pekee aliyonifanyia katika jambo lile.

Msimamizi wa uchaguzi, mkubwa wetu, aliisoma barua yangu mara mbili. Hakuwa mtu mbaya. "Unajua hii inaweza kuwa barua yako ya kuacha kazi?"

"Najua, mzee."

"Tunaweza kuilainisha. Andika kwamba mvua ilikuchanganya."

"Mvua haikunyesha."

"Lakini wingu lilikuwepo?"

"Lilikuwepo."

"Basi angalau andika wingu." Nikaandika wingu. Lipo kwenye jalada mpaka leo.

Siku bahasha ilipofunguliwa mahakamani, Moshi mjini, ukumbi ulijaa watu wa kata ile. Watu wa Pius walikaa kushoto, watu wa Mwalimu kulia, katikati pameachwa wazi kama uwanja wa mpira. Nilisimama nikaeleza nilichofanya. Kulia wakanong'ona kwa furaha, wakidhani ushindi wao umefika. Na mimi nilidhani hivyo. Sikujua vifurushi vimemchagua nani, hakuna mtu aliyejua. Karani wa mahakama akaanza kuvifungua kimoja kimoja. Vilikuwa vigumu kufungua. Bibi wale walifunga kweli.

Kura za udiwani zilikuwa hivi. Za Bwana Pius zilikuwa kumi. Za Mwalimu Aloyce zilikuwa tatu. Moja haikuwa na alama yoyote.

Hakuna aliyeshangilia. Nilitegemea kushoto wapige makofi, lakini nadhani hata wao walikuwa wakifanya hesabu. Tofauti ya kura tisa ilikuwa imekuwa kumi na sita. Kila kitu kilichotokea katika ile miezi minne, mfongo uliokauka, ndugu wasiosalimiana, msiba mmoja uliozikwa na nusu ya kijiji, kisingetokea kama ningefungua kifurushi kimoja siku ile, au kama ningefungua mdomo siku ya tatu.

Mwalimu Aloyce akaomba ruhusa ya kusema. Hakumkumbatia mtu, hakutoa hotuba. Alinigeukia mimi kama alivyokuwa akigeukia mtoto darasani. "Kijana, mimi kushindwa nakuweza. Nimeshindwa na mitihani, nimeshindwa na buni. Ungeniambia nimeshindwa kwa haki, siku ileile ningekwenda kunywa mbege na Pius na kumtukana kidogo, yakaisha. Umenifanya nimwite jirani yangu mwizi miezi minne." Akaketi. Akaiondoa kesi wiki ileile, na Jumamosi iliyofuata nikasikia mfongo umesafishwa. Wengine waliniambia walisafisha bila kuzungumza. Lakini jembe likigonga jiwe mtu hucheka, na akicheka mmoja, basi.

Sikufukuzwa. Nilipelekwa stoo, nikahesabu viti, mapazia ya vituo na kamba za kalamu kwa miaka miwili. Mzee Shabani alikuwa akija kunisalimia na andazi. Katika siku za mwanzo za stoo aliniuliza kama nimerudi kwa yule bibi.

"Nimwambie nini?"

"Mpelekee isale."

Isale ni jani la mmea ule tunaoupanda mpakani mwa kihamba. Kwa mila ya Kichagga, mtu akikujia na jani hilo kuomba msamaha, huwezi kumkatalia, hata awe amekuchomea nyumba. Nilikuwa nimelisahau kabisa. Nikamuuliza Mzee Shabani yeye mtu wa Majengo kayajuaje.

"Nimekaa na ninyi miaka sitini," akasema. "Na ninyi mnakosana sana."

Nikapanda tena. Maji yalikuwa yakipita. Nilimpa Bibi Theresia jani kwa mikono miwili, nikamwambia kwamba kura yake haikuhesabiwa siku ile, kwamba nilijua nilipomwambia sijui, na kwamba kosa lilikuwa langu. Alilishika, akaligeuza geuza.

"Kwa mila siwezi kukataa," akasema. "Ungekuja na sukari ningekufukuza." Akanikaribisha ndizi. Hakusema nimesamehewa, na mimi sikuuliza. Mambo mengine hata Bwana Kwa Nini huyaacha.

Kuna swali moja ambalo sijaliacha, na nawaachia ninyi mwendelee nalo. Nilisema kweli bila kujua itamfaa nani. Lakini je, kama ningevifungua vile vifurushi peke yangu kabla, nikaona kwamba vinapindua matokeo, na aliyeshinda ni mtu mwenye sauti ofisini, ningeandika ile barua? Nimejiuliza miaka yote hii. Siku nyingine najibu ndiyo. Ndiyo maana nawaambia vifungueni mbele ya watu wote na papo hapo, kabla ninyi wenyewe hamjajua. Mtu asiyejua kilichomo ndani ni mwaminifu kwa urahisi zaidi, basi mjipatie urahisi huo.

Na foleni ikiwa ndefu, ombeni meza ya pili. Msifupishe safari ya mpigakura. Zile safari tatu niliona ni upuuzi, kumbe ndizo zinazomwambia kila karatasi inakwenda wapi. Mzee Shabani alipostaafu aliongeza mstari mmoja katika mafunzo ya makarani wa wilaya: Karatasi moja, mkono mmoja, safari moja. Vijana wengine huuliza kwa nini. Wakufunzi huwajibu kwa sababu mwongozo umesema. Sasa ninyi mnajua ni kosa la nani limezikwa pale.

Uchaguzi uliofuata, Mzee Shabani akiwa amekwisha kuniombea kwa mkubwa, nilirudishwa kituoni, na nikaomba kituo kilekile. Darasa la nne, jiko la shule, misa ya pili. Foleni ikafika migombani. Wingu nalo likaja, na safari hii lilinyesha kweli. Hakuna aliyepewa karatasi mbili.

Bibi Theresia alikuja akishikwa mkono na watoto wake wawili, mmoja kila upande. Alikuwa amepungua sana. Nikampa karatasi ya rais. Akaenda, akarudi. Nikampa ya mbunge. Akaenda, akarudi, foleni inalowa, hakuna aliyeguna. Nikampa ya diwani. Alipotumbukiza hiyo ya mwisho, akageuka akaja kusimama mbele ya meza yangu kama zamani. Watu waliokumbuka wakaanza kucheka mapema.

"Bibi," nikasema, "risiti bado hatuna."

"Kaa na zako," akasema. Akafungua pindo la kanga, pale anapoweka ugoro, akatoa jani la isale lililokauka, limekunjwa dogo na pembe zimechomekwa ndani. "Mimi ninayo."